Nyota Moja kwa Malka

Siku ya mnada wa mifugo, mji wa Garsen hujaa hadi mtu hukosa pa kuweka mguu. Ng'ombe wa tambarare husimama ubavu kwa ubavu na mbuzi, madereva wa malori huwapigia honi watu wasio na pa kuhamia, wanawake wa kijiji cha Kulesa hupanga ndizi zao juu ya magunia, na harufu ya vumbi, samli na nyama ya kuchoma huingia katika kila duka bila kubisha hodi.

Siku moja ya namna hiyo msichana aliingia katika duka la fundi simu lililo karibu na njia panda ya kwenda Lamu. Aliiweka simu yake mezani kama mtu anayerudisha nyama iliyooza.

"Fundi, hii haishiki chaji. Tena usiniambie niiache mpaka kesho."

"Kesho nimefunga. Keti."

"Kiti chako kina vumbi."

"Vumbi la Garsen halichagui kiti, dada. Hata cha mkuu wa wilaya linakalia."

Msichana hakucheka, lakini aliketi. Alivaa abaya nyeusi iliyotiwa nakshi ya uzi wa fedha mikononi, na mtandio wa zambarau. Alikuwa mrefu, mwenye shingo iliyonyooka na macho yasiyokwepa. Fundi mwenyewe, Sadik Komora, alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, Mpokomo wa Kulesa, msafi wa kupindukia. Shati lake jeupe lilikuwa na mikunjo ya pasi hata saa nane mchana.

Alikwangua tundu la chaji kwa sindano, akaingiza waya, simu ikawaka. Alichokiona kwenye kioo kilimfanya aishike simu ile kwa mikono miwili. Palikuwa na mchungaji aliyesimama juu ya gogo, na nyuma yake ng'ombe tisa.

Malka ni njia ambayo mifugo hupitia katikati ya mashamba kuteremka mtoni kunywa maji. Ndilo pia jina la mchezo ambao marehemu Mwalimu Randu, aliyefundisha kompyuta, aliutengeneza kwa ajili ya simu za vitufe zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mchezaji huruka mifereji, husukuma magogo, hufumbua kila kizuizi kwa akili, mpaka ng'ombe wote tisa wafike majini. Watu wa Tana waliupitisha kutoka simu hadi simu, Waorma wafugaji kwa Wapokomo wakulima, na kila mtu aliuita wake. Mwalimu alipokaribia kufa alimwachia Sadik, mwanafunzi wake, faili zote. Sadik alitumia miaka miwili kuutengeneza upya kwa simu za kisasa, na siku nne zilizopita alikuwa ameuweka mtandaoni kwa jina la Karakana ya Kulesa. Hakumwambia mtu kwamba karakana hiyo ni yeye.

"Unaicheza gemu hii?" aliuliza, akijifanya anafuta kioo.

"Naicheza kwa kazi. Ingekuwa kwa raha ningeshaifuta."

"Kazi gani ya kucheza?"

"Mimi ni Abdia Bonaya. Kidole Kiooni, redioni, kila Jumapili saa kumi na moja jioni."

Kumbe ndiye. Sadik aliijua sauti ile tangu aliposema neno la kwanza, ila alikuwa amekataa kuamini. Garsen nzima ilisikiliza kipindi chake. Mwaka mzima alikuwa amezisifu programu tatu tu za simu, na moja aliisifu kwa sababu ilikuwa rahisi kuifuta.

"Ina ubaya gani?"

"Utasikia kama wenzako. Gemu ina hatua arobaini, nami niko ya sita. Sihukumu kitu ambacho sijakifikisha mwisho."

Hapo ndipo Sadik angesema. Midomo ilifunguka kabisa. Lakini alimtazama msichana yule akiinamia kioo, kidole chenye hina kikimrusha mchungaji juu ya mfereji, akawaza: akifika hatua ya arobaini ataipenda, na siku hiyo nitamwambia. Akafunga midomo.

Jioni simu ya Abdia ililia.

"Nani?"

"Fundi uliyemwachia namba. Napima kama simu inaita."

"Imeita. Na bado unaongea."

"Napima na spika pia."

"Spika ni nzima. Aliyeharibika ni fundi."

Alikata. Kesho yake alikuwa wa kwanza kupiga.

Majuma matatu yakapita hivyo. Walikutana kwenye hoteli ya chai iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, Abdia akiwa na mtandio tofauti kila mara, Sadik na shati lile lile jeupe ambalo Abdia aliamini ni moja, kumbe yalikuwa matano.

"Roho yangu," Sadik alisema siku moja, "mbona unaikunjia uso samosa?"

"Haina nyama. Ni kitunguu kimevaa kanzu."

"Wewe kuna kitu unakipenda?"

"Kipo kimoja. Kinauliza maswali mengi."

Sadik alitazama chai yake ili asionekane anavyotabasamu. Halafu, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Na Malka? Umefika hatua ya ngapi?"

"Thelathini na nne. Kipenzi, kila siku unaniuliza Malka. Unamdai nani huko?"

"Mimi ni fundi. Napenda kujua."

Jumapili ya tatu saa kumi na moja, Sadik aliwasha redio ya duka. Wateja wanne walikuwa ndani. Kwanza ilisikika sauti ya Valary, mtangazaji mwenzake Abdia, akiwaamkia wasikilizaji wa Hola, Kipini na kwingineko. Kisha Abdia akaanza.

"Leo ni Malka mpya. Nimeimaliza, kwa hiyo nina haki ya kusema. Picha ni nzuri. Mto unang'aa, ng'ombe wana kope. Wana kope, wasikilizaji, lakini hawana adabu. Katika Malka ya Mwalimu Randu, ng'ombe hawakugusa hindi la mtu. Katika hii, hatua ya arobaini, unawarusha juu ya ua, wanatua katikati ya mahindi mabichi, na unapewa alama. Kila hindi linalovunjika, alama kumi. Mimi ni binti wa mfugaji. Miaka yote tunaitwa watu wa kuvamia mashamba, na sasa tumetengenezewa mchezo wa kujifunzia."

Mteja mmoja alicheka. Mwingine akasema, "Kweli kabisa, hiyo gemu ni takataka."

"Ujumbe," Valary aliingilia. "Msikilizaji wa Idsowe anasema: mimi ni mkulima, nimemkataza mke wangu kuicheza, mahindi yetu yamekuwa ngazi. Wa Kilelengwani anasema: Mwalimu Randu angefufuka angeomba arudishwe."

"Mwandikie wa Kilelengwani kwamba nakubaliana naye," Abdia alisema. "Aliyeitengeneza upya, huyo anayejiita Karakana ya Kulesa, ni mtu wa mjini aliyekulia nyuma ya meza ya duka. Hajawahi kushika jembe wala fimbo ya ng'ombe, ila ana mikono laini na anajiona msomi. Nyota moja kati ya tano, na hiyo ni ya kope."

Duka lilipasuka kicheko. Sadik alizima redio, akawaambia wateja kwamba umeme una hitilafu, akawafungia nje.

Alimpigia hata kipindi hakijapoa.

"Mpenzi, umenisikiliza?" Abdia alikuwa na furaha. "Valary anasema ujumbe umefika mia mbili."

"Nyuma ya meza ya duka. Mikono laini. Ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nilijua nini?"

"Ulikuja dukani kunichunguza. Ukaketi na mimi majuma matatu, ukanywa chai yangu, ukanipima mikono, ukaenda kunifanya kichekesho kwa watu."

 Abdia aliposema tena, sauti ilikuwa ya yule wa redio.

"Kumbe ni wewe."

"Usijifanye."

"Nilibuni, Sadik. Nilimchora mtu kichwani nikamsema. Kumbe kila siku nilipokuwa nakueleza nimefika wapi, ulikuwa unangoja nikusifu. Maswali yote yale hayakuwa yangu, yalikuwa ya gemu."

"Ningekuambia."

"Lini? Kama ningetoa nyota tano? Sasa nimetoa moja, umenipigia kunitukana. Tafuta msichana wa kukupigia makofi."

Akakata, na safari hii hakupiga kesho yake wala kesho kutwa.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya. Mtandaoni watu walishindana kuandika. Mmoja alidai amekuta ng'ombe wa kumi asiye na kichwa, jambo ambalo lilikuwa uongo. Mwingine aliandika kwamba mchezo umetengenezwa na mwanasiasa ili watu wapigane, na huo pia ulikuwa uongo, lakini ulisambaa zaidi. Waorma walisema umetengenezwa na Mpokomo kuwatukana. Wapokomo walisema hakuna Mpokomo anayeweza kuwapa watu alama kwa kuvunja mahindi, lazima ni Mworma. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, pande mbili zilikuwa na jambo moja la kuchukia. Mtu alipogundua Karakana ya Kulesa ni nani, wateja walianza kuingia dukani bila simu mbovu, kutazama tu.

Siku ya saba baada ya kipindi kile aliingia mzee mwenye kofia ya kufuma na gumboti. Alikuwa Mzee Komora, baba yake Sadik, ambaye hakuja mjini ila kwa msiba au mbegu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Toa hiyo simu unionyeshe unavyokanyaga mahindi yangu."

"Si yako, Baba. Ni ya kuchora."

"Msikitini wameniuliza kama ni yangu. Onyesha."

Sadik alimwonyesha. Mzee alitazama ng'ombe wakiruka ua, wakitua, mabua yakivunjika, namba zikipanda. Ilipokwisha, alikigonga kioo kwa kidole.

"Ya Mwalimu Randu ilikuwaje hapa?"

"Hapa ilikuwa inaganda. Ng'ombe wanasimama nje ya shamba, hakuna kitu kinachofanya kazi. Ukibonyeza, unarudishwa mwanzo. Ukiiacha kama dakika mbili inazinduka yenyewe. Simu za zamani zilikuwa dhaifu, Baba. Mwalimu alikosa namna ya kuirekebisha. Nikaitoa, nikaweka ua wa kuruka."

"Wakati imeganda, kulikuwa na nini kwenye kioo?"

"Mkulima tu. Anakwenda na kurudi."

"Anafanya nini?"

Sadik alichukua kitambaa, akaanza kufuta kioo.

"Nakuuliza, msomi. Anafanya nini huyo mkulima?"

"Anabeba kitu."

"Anavuna." Mzee Komora aliketi kwenye kiti chenye vumbi. "Mfugaji akifika na shamba halijavunwa, hukaa nje na ng'ombe wake. Siku mbili, siku tano, kiu na njaa, anakaa. Nikimaliza kubeba mahindi namwita, ng'ombe wanaingia kula mabua, wananiachia samadi, halafu wanateremka mtoni. Mimi na Bonaya, babake huyo binti wa redio, tunafanya hivyo miaka ishirini. Ukiingiza ng'ombe kabla hujaitwa, unarudi mwanzo, hata katika maisha. Mwalimu wako hakukosa namna. Hiyo ndiyo ilikuwa hatua yenyewe."

"Nilidhani imeganda," Sadik alisema.

"Nilikupeleka shule ya bweni ukiwa na miaka tisa. Kila mavuno ulikuwa darasani. Kosa hilo nusu ni langu." Mzee alisimama, akapangusa suruali. "Lakini nusu nyingine ni yako. Ungeuliza mtu."

Baba alipoondoka, Sadik alifungua mchezo wa zamani katika simu ya vitufe aliyoitunza kabatini. Alifika shambani, akaiweka simu mezani. Yule mkulima mdogo wa nukta nyeusi alienda na kurudi, akienda mikono mitupu, akirudi na mzigo. Kijana aliyekuwa ameusoma mchezo ule mstari kwa mstari kwa miaka miwili aliutazama sasa kwa mara ya kwanza, akaona aibu hadi masikio yakawaka.

Aliifanyia kazi hatua ile siku kumi. Juma la pili la mavuno alikwenda Kulesa, akavuna pamoja na baba yake mpaka viganja vikatoka malengelenge, na kule ukingoni alimwona Mzee Bonaya ameketi na ng'ombe wake, hana haraka. Aliporudi mjini aliweka toleo jipya mtandaoni, akaandika chini yake: Nilikosea hatua ya arobaini. Sikuielewa. Nisameheni.

Wengi hawakusamehe. Mmoja aliandika kwamba msamaha wenyewe ulikuwa mrefu mno.

Kisha akaenda kusimama kwenye lango la stesheni ya redio. Abdia alitoka adhuhuri, mtandio wa kijani, mkoba begani, uso wa mawe.

"Kama umekuja kuomba nyota, zimekwisha."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nimeisoma mtandaoni pamoja na watu elfu mbili."

"Hiyo ilikuwa ya gemu. Hii ni yako. Nilikuficha jina langu, halafu nikakutukana kwa jambo ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyelificha. Mara ya kwanza nilipokuuliza habari za Malka, kweli, ilikuwa ya gemu. Baadaye nilikuwa natafuta tu la kukuuliza ili usikate simu."

Abdia alihamisha mkoba bega la pili. "Onyesha mikono."

Aliionyesha. Abdia aliyatazama malengelenge, hakuyagusa.

"Ulichokifanya kilikuwa kibaya, na nyota moja ilikustahili," alisema. "Lakini nilimhukumu mtu, na kazi yangu ni kuhukumu mchezo. Habari ya mikono haikuwa kazi yangu. Niliisema kwa sababu watu walikuwa wanacheka, na mimi nikichekewa huwa sijui kukoma. Hilo nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Mbona haraka hivyo? Ulitakiwa unisumbue kidogo."

"Abdia, nataka kuja kwenu na baba yangu. Jumapili."

Msichana aliyekuwa na jibu la kila kitu alitazama barabara, lori likapita, na lori la pili.

"Jumapili niko hewani," alisema mwishowe. "Na toleo lako jipya liko kwenye ratiba. Usidhani kwa kuwa unaleta posa nitalipunguzia makali."

"Sijakuomba."

"Nakwambia tu. Watu wakisema nimemsifu mchumba wangu, kipindi kimekufa, na mimi nimekufa nacho. Kama huwezi kuishi na hilo, usije."

"Nitakuja."

Jumapili saa kumi na nusu alasiri, Sadik, kanzu nyeupe isiyo na mkunjo hata mmoja, na Mzee Komora, safari hii bila gumboti, walifika boma la Mzee Bonaya upande wa Idsowe. Walipokelewa kwa heshima na mashaka. Mzee Bonaya alikuwa na nduguye Boru, mtu mkali, ambaye alimtazama Sadik kama dume lililoletwa mnadani likichechemea. Mbele yao palikuwa na bakuli la buni za kahawa zilizokaangwa kwa samli. Hakuna aliyeligusa. Katika nyumba ile, mwenye binti asipowasogezea wageni bakuli, wageni hurudi walikotoka.

"Mzee mwenzangu," Komora alianza, "wewe na mimi tunajuana."

"Tunajuana," Bonaya alikubali. "Mwanao ndiye ambaye sikumjua, mpaka nilipomsikia akisemwa redioni." Alitazama saa yake. "Na kwa kuwa yeye ni mtu wa redioni, tungoje kidogo. Binti yangu anaanza. Siku ya Jumapili humu ndani haisemwi neno yeye akisema."

Akawasha redio. 

"Malka imerekebishwa," sauti ya Abdia ilisema, tulivu kabisa. "Hatua ya arobaini sasa unangoja mkulima avune. Vyema. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, kwa hiyo simsifu mtu kwa kurudisha alichokichukua. Lakini sikilizeni alichoongeza. Ameweka saa juu ya kioo. Inahesabu: sekunde mia na ishirini, mia na kumi na tisa. Mfugaji gani anajua mkulima atamaliza saa ngapi? Ukijua zimebaki sekunde ngapi, hiyo si kungoja, ni foleni ya benki. Na ngoma. Ameweka ngoma, ili usichoke. Mwalimu Randu alitaka uchoke. Wasikilizaji, mtengenezaji huyu namfahamu, mniweke kwenye mizani mnavyotaka. Nyota mbili."

Valary alisikika akikohoa. Wimbo ukaingia. Boru alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika.

Mzee Bonaya alizima redio polepole.

"Kijana," alisema, "huyo ndiye uliyemfuata. Hakuna siku nimekula chakula hapa asiseme chumvi yake. Mama yake alikuwa hivyo. Ukimwoa hatanyamaza, ndani wala nje, na watu wote wa Garsen watasikia. Umemsikia?"

"Nimemsikia. Mzee, ile saa ni kosa langu, anasema kweli. Niliiweka kwa kuogopa watu wataondoka. Nitaitoa."

"Sikukuuliza habari ya saa."

Sadik aliinua uso. Alikuwa na hasira, na kila mtu aliiona. Haikuwa hasira ya kumwondoa pale.

"Namtaka," alisema.

Bonaya alimtazama Komora, Komora akamtazama Bonaya, wazee wawili waliokuwa wamengojana ukingoni mwa shamba mavuno ishirini. Kisha mwenye boma alilishika bakuli la buni kwa mkono wa kulia, akalisukuma mbele ya wageni wake.

Simu ya Sadik ililia kabla hajatafuna. Aliomba ruhusa, akatoka uani.

"Umesikia?" Abdia aliuliza.

"Nimesikia."

"Umekasirika?"

"Sana. Foleni ya benki, Abdia? Mbele ya ami yako?"

"Ndivyo ilivyo. Baba amesemaje?"

"Wanakula buni. Mahari watazungumza Ijumaa."

Kwenye simu Sadik alisikia pumzi ikitoka ndefu, kama ya mtu aliyekuwa ameibana tangu kipindi kilipoanza.

"Sadik."

"Naam."

"Nilikuwa natetemeka wakati nasoma. Valary alinishikia karatasi. Nilijua mko hapo, nilijua utainuka uende, na nikaisoma hivyo hivyo."

"Sikuinuka."

"Basi rudi ndani ule na wazee. Na hiyo ngoma nayo itoe."